Nilivyousikiliza Moyo wa Mkamwana Wangu

Neno la kwanza ninalowapa vijana wote wanaokuja kukaa kwenye benchi la kibanda changu hapa Mwanjelwa ni hili: mkimwona fundi anamfunga binadamu kwenye waya unaotoka ukutani, mnyang'anyeni bisibisi na mumfukuze. Mashine inayomgusa mtu inakula betri. Betri ni ghali, zinaisha haraka, na mwenye mashine atalalamika. Mwacheni alalamike. Nimetengeneza redio na vifaa vya hospitali tangu ndevu hazijaota mpaka zimeota mvi, Iringa na hapa Mbeya, na hakuna mtu aliyepigwa shoti na kitu kilichopita mikononi mwangu. Nikijisifu kidogo mnivumilie, uzee una haki zake.

Mnaniuliza sana kuhusu ile mashine ya moyo. Najua mmesikia ile hadithi ya mjini, eti mimi Ambakisye nilitengeneza mashine ya hospitali kwa sufuria na antena ya redio. Hapakuwa na sufuria. Leo nawapa yenyewe, na mkiitaka tena mtakuja na soda.

Kazi nilifundishwa na Mzee Kalinga, Mhehe mfupi aliyekuwa na kibanda cha redio karibu na soko la Iringa. Hakuwa na subira na kiumbe chochote isipokuwa redio. Mteja akileta redio mbovu, sisi wanafunzi tulikimbilia skrubu. Mzee alikuwa anatupiga kwenye vidole kwa mpini wa bisibisi.

"Umeshaisalimia?"

Maana yake washa kwanza, usikilize. Redio mbovu inasema yenyewe inapoumwa. Ikivuma, tazama kapasita. Ikikwaruza ukigeuza kitasa, kitasa kina vumbi. Ikiwa kimya kabisa, angalia betri kabla hujajifanya profesa. Tulimcheka kisirisiri, tukaiga hata anavyoinamisha sikio, na baadaye nikagundua kuwa nimekuwa nikiinamisha sikio hivyohivyo mbele ya wateja wangu mwenyewe.

Miaka hiyo ya sabini hapakuwa na duka la kuingia ukasema nipe transista kumi. Spea zetu zilitoka kwenye redio zilizokufa. Reli ilipokuwa inajengwa kupitia Makambako kuja Mbeya, makambi yalijaa redio, na penye redio nyingi pana redio nyingi mbovu. Mzee alikuwa ananunua maiti za redio kwa debe, sisi tunachambua. Transista za zamani zile zilikuwa na tabia ya wazee, zinachukia joto. Asubuhi inafanya kazi vizuri, jua likipanda inabadilisha msimamo. Ukizitumia ilibidi ukae na kitasa mkononi, kila mara unairudisha kwenye mstari. Likumbukeni hilo, maana ndilo lililoniweka mimi kwenye kibaraza cha hospitali.

Sasa habari yenyewe. Lusajo ni mtoto wa kaka yangu mkubwa. Tulichunga ng'ombe pamoja kule Rungwe, tumepishana umri kidogo sana, lakini kwa ukoo mimi ni baba yake mdogo. Alikuwa anafanya kazi kwenye chai Mufindi, anakaa Igowole. Siku moja akaja kibandani kwa Mzee Kalinga, amekonda, akakaa kwenye debe la spea bila hata kuuliza kama ni kiti.

"Baba mdogo, mama Gwamaka amelazwa hapa Iringa. Rovu, ule uvimbe wa shingoni, limembana koo. Akilala chali hapumui. Na moyo wake unakwenda mbio, unarukaruka. Maji ya kutoka mtoni siku hizi anachotewa na majirani."

Mama Gwamaka ni mke wake. Jina lake lenyewe sitalitaja, kwa adabu tu. Ninyi mliozaliwa mjini niwaeleze: kwetu Wanyakyusa, mke wa mtoto wako humwoni na yeye hakuoni. Nasema mke wa mtoto wa kaka yako pia, maana naye ni mtoto wako. Mkamwana akisikia baba mkwe anakuja, anatoka njiani. Akiwa ndani ya nyumba, anatoka kwa mlango wa nyuma. Hatamki jina lako wala neno linalofanana na jina lako. Hamkai chumba kimoja. Kuna waliokwisha kuyaacha haya kanisani, na sina ugomvi nao. Sisi hatukuwa tumeyaacha. Kwa hiyo nilikuwa na mkamwana ambaye sikuujua uso wake, na sasa alikuwa anakufa umbali wa mwendo mfupi tu kutoka kwenye meza yangu.

Nilikwenda hospitali kumwona Daktari Mlowe. Tulifahamiana, kwa sababu mitungi yao ya kuchemshia vyombo na redio yao ya mawasiliano nilikuwa natengeneza mimi. Huyu alikuwa Mbena wa Njombe, mpasuaji mzuri, mtu wa maneno machache. Akaniambia bila kuzunguka.

"Rovu lazima litoke. Nimeshamwanzishia matone ya kutuliza moyo, yatachukua majuma kadhaa. Siwezi kumlaza usingizi, moyo ule hautastahimili. Nitampasua kwa sindano za ganzi, akiwa macho. Ila nikiwa nimeinamia shingo yake, nahitaji mtu wa kuniambia kila pigo la moyo, muda wote. Mashine yetu ya moyo imeungua, na spea yake iko ng'ambo."

"Muuguzi akishika mkono?"

"Mkono unaweza kunidanganya. Moyo unapiga, mkononi hakifiki kitu. Nataka umeme wa moyo wenyewe."

Alinichorea kwenye karatasi ya dawa namna umeme wa moyo unavyokwenda: kilima kidogo, mwiba mrefu, kilima tena. Akanieleza ni umeme mdogo kiasi gani. Nikamwambia niachie hayo majuma. Niliposema hivyo sikuwa na hakika hata kidogo, lakini sauti yangu ilikuwa na hakika, na mimi nikaifuata sauti yangu mpaka kibandani.

Kosa la kwanza mngelifanya hata ninyi. Nilichukua kikuza sauti cha redio nzuri, nikajifunga waya mikono miwili, nikaweka sikio. Nikasikia mmmmm. Nikaongeza sauti, mmmmm ikaongezeka. Huo ni umeme wa taa za ukutani, unaingia mwilini mwako hata hujaugusa, mwili wa mtu ni antena. Na moyo hausikiki kwa njia hiyo kabisa. Redio imezoea sauti zinazotikisika haraka. Moyo unasukuma polepole, na zile kapasita ndogo za redio zinaufungia mlango.

Basi nikaweka kapasita kubwa. Halafu nikatafuta transista mbili pacha. Hii sikilizeni. Unachukua debe zima la transista za aina moja, unazipima moja moja kwa mita, mpaka upate mbili zinazojibu sawasawa. Unazifunga pamoja kwa uzi na nta ya mshumaa, zipate joto moja. Mkono wa kulia unaingia kwa pacha mmoja, wa kushoto kwa mwingine. Mmmmm ya ukutani inaingia kwa wote sawasawa, wanaikataa wote. Moyo unaingia kwa tofauti, huo wanaupitisha. Mguuni unaweka waya wa tatu wa kuutuliza mwili wote.

Vya kushika mwilini nilitumia rupia za fedha za wakati wa Mjerumani, alizonipa mama yangu kutoka kwenye mkufu wake. Fedha halisi haikwaruzi kama bati. Chini ya kila rupia pamba yenye maji ya chumvi, juu yake mkanda wa mpira wa baiskeli. Mwisho wa yote nikaunga kifaa cha kutoa mlio, ili kila moyo ukipiga mlio uruke juu: uuu-wi, uuu-wi.

Mtu wa kwanza kusikika alikuwa Mzee Kalinga. Alivaa visikilizio vya masikioni, akainamisha sikio kama kawaida yake, akasikiliza moyo wake mwenyewe. Baadaye akavivua.

"Umenisalimia vizuri," akasema, akarudi kwenye redio yake.

Nikaenda hospitali mabega juu. Kulikuwa na muuguzi, Sista Tusajigwe, mtu wa kwetu Rungwe, mwenye mdomo mkali na mkono mwepesi. Tulikubaliana: yeye amfunge mgonjwa rupia, mimi nikae nyuma ya pazia na sanduku langu. Mgonjwa asijue nipo. Hatutaonana, kwa hiyo mila imetunzwa. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya.

Mlio ukaja vizuri. Moyo wake ulikuwa wa haraka lakini wenye mpangilio, yale matone yalikuwa yamefanya kazi. Nikafurahi. Na katika furaha hiyo nikamwambia Sista, kwa Kinyakyusa, taratibu tu, auvute kidogo waya wa kushoto.

Mlio ukapasuka. Wi-wi-wi-wi, unarukaruka, unapotea, unarudi. Daktari Mlowe alikuwa kando ya kitanda, nikaona miguu yake chini ya pazia inageuka kuja kwangu. Mimi nimeshika kitasa, nageuza, nadhani pacha wangu wamepata joto. Sista akachungulia.

"Kaka, toka nje."

"Subiri, ni transista."

"Si transista. Amekusikia. Amejifunika shuka mpaka utosini, anatetemeka. Toka."

Nilitoka nimeacha hata kofia. Baada ya muda Daktari akaja uani, anafuta miwani.

"Moyo umetulia ulipotoka tu," akasema. "Kumbe mashine yako ni nzima. Inapima hata heshima."

"Samahani, Daktari."

"Hatuwezi kumwomba aache mila kwa saa moja? Nimweleze ni kwa ajili ya uhai wake."

Sista alikuwa amesimama mlangoni. "Daktari, ukimwomba atakubali. Mdomo utakubali. Moyo wake hautakubali."

Daktari hakubisha. Alifikiri, akauliza kama Sista angeweza kuiendesha mashine yeye. Nikamweleza habari ya zile transista na joto, kwamba kitasa kinataka mkono uliozoea. Akauliza kama spika iwekwe wazi chumbani, asikie mwenyewe huku anapasua. Sista akasema mgonjwa naye atausikia moyo wake, na akiusikia umeruka utaruka zaidi. Ikabaki njia moja. Chumba cha upasuaji kilikuwa na dirisha la kuelekea kibarazani. Mimi nikae nje chini ya dirisha, nimevaa visikilizio, bila kutoa sauti. Sista akae ndani dirishani. Mkono wangu ukiwa wazi, endelea. Nikikunja ngumi, simama.

Nikarefusha waya mpaka kibarazani, nikajaribu. Kilichotoka kilikuwa kishindo cha mashine ya kusaga mahindi. Waya mrefu ule ulikuwa unachota umeme wa jengo zima. Nikarudi kwa Mzee Kalinga nimenywea, na juma la upasuaji limefika.

"Wewe," akaniambia, hata hakuinua macho, "unamtoa mtoto mchanga Iringa mpaka Chunya kwa miguu. Mlishe kwanza hapohapo alipozaliwa. Akikua, atasafiri."

Nikaligawa sanduku sehemu mbili. Pacha wangu nikawaweka kwenye kikopo kidogo cha bati kando ya bega la mgonjwa, waukuze moyo palepale. Ulipotoka hapo ulikuwa na nguvu ya kusafiri. Kitasa na mlio vikabaki kwangu kibarazani. Daktari naye akapanga kupasua wakati jua limejaa dirisha la mashariki, taa zizimwe, na yeye avae tochi ya betri kichwani. Mpaka leo namsifu kwa hilo. Wapasuaji wengi wangesema taa zao haziwahusu mafundi.

Siku yenyewe nilikaa kwenye kigoda, nimeegemea ukuta, blanketi mabegani. Ilikuwa Juni, na mnaijua baridi ya Iringa. Lusajo alikuwa upande wa pili wa ua, anatembea. Nilimkataza kunikaribia, maana angenisemesha.

Vijana, mimi nilikuwa sijawahi kukaa na moyo wa mtu masikioni kwa muda ule. Mwanzoni nilikuwa fundi, nasikiliza mlio. Baadaye nikaanza kumjua. Nilijua sindano ilipoingia. Nilijua Sista alipomwambia neno la kumpoza. Kuna mahali ukaanza kuruka, uuu-wi, wi, kimya, wi-wi, nikakunja ngumi. Kupitia kioo nikaona Sista anageuka. Wakasimama. Moyo ukatafuta njia, ukaipata, nikafungua mkono. Tulifanya hivyo tena na tena. Mkono wangu ulikuwa unauma kama nimelima.

Kisha mapigo yakakatika.

Niliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na nawaambia wazi kwa sababu mtaogopa na ninyi. Nilikuwa nimekwisha kuinuka, mkono uko kwenye mlango. Mwili wangu ulitaka kuingia ndani. Na kama moyo ule ulikuwa bado unapiga, kuingia kwangu ndiko kungeusimamisha.

Nikajilazimisha kukaa. Nikainamisha sikio.

Hapa ndipo kazi ilipo. Mapigo kukatika kuna namna tatu, na nilizijua zote kwa sababu nilizitengeneza mwenyewe. Betri ikikatika hakuna kitu kabisa, hata pumzi ya mashine husikii. Moyo ukisimama, mashine inabaki inaimba uuuuu moja, ndefu, haipandi. Na rupia ikiachia mwili, unasikia mngurumo wa ukutani. Nikafumba macho. Chini kabisa, kwa mbali, kulikuwa na mmmmm.

Nikamgeukia Sista, nikashika mkono wangu wa kushoto, nikaubana. Akanitazama. Nikaubana tena. Akainama nisimwone. Pamba ilikuwa imekauka, jasho limeutelezesha mpira, rupia imekaa upande. Akailowesha, akaikaza.

Uuu-wi. Uuu-wi. Uuu-wi.

Nilifungua mkono wangu juu kabisa, wazi. Nilikuwa nalia na sikujali nani ananiona. Lusajo alikuwa ananiona, na akadhani ni msiba, akakaa chini katikati ya ua. Sikuweza kumwita wala kumsemesha. Nilimwonyesha ule mkono wazi mpaka akaelewa.

Spea ya ile mashine kubwa ilikuja baadaye, na sanduku langu likawekwa stoo. Sikununa. Mashine ile ilikuwa bora, ilichora kwenye karatasi, na mimi ndiye niliyeifunga spea yake. Msije mkapenda kitu mlichokitengeneza mpaka mkaona wivu kikipata mrithi. Miaka hiyohiyo nikahamia huku Mbeya, nikaanza kibanda changu.

Mwaka uliofuata baada ya upasuaji ule nilikwenda Igowole kumtembelea Lusajo. Alinipokea barabarani, tukaanza kupanda, maana nyumba yake iko juu kabisa ya kilima. Tulikuwa tunaongea habari za chai na bei ya mbolea. Mbele yetu alikuwepo mwanamke na mzigo wa kuni kichwani, anapanda taratibu. Akasikia sauti nyuma, akageuka nusu, na kabla hajamaliza kugeuka akavuta kanga usoni, akaacha njia, akaingia kwenye viazi. Akakimbia. Alipanda mteremko ule wima na kuni zake kichwani, hashiki goti, hasimami kupumua, mpaka akatokea juu kwenye mikaratusi na bado anakimbia.

Nilisimama pale. Lusajo aliona aibu, akaanza kunieleza kwa nini mkewe amekimbia, kana kwamba mimi si Mnyakyusa.

"Nyamaza," nikamwambia. "Mwache akimbie."